Kichwa cha Mchumaji

Msimu ule wa karafuu nilikuwa katika mwaka wa sita wa kazi ya gari la wagonjwa, na mtaani kwetu Chake Chake watu walikuwa bado hawajui waniite nani. Wengine waliniita nesi wa gari, wengine waliniuliza kama ni mimi ninayeendesha. Baba yangu tu ndiye aliyeielewa kazi hii. Katika ujana wake alikuwa miongoni mwa wanaume wa kijiji cha Ole waliowabeba wagonjwa mabegani, juu ya kitanda cha kamba, hadi hospitali. "Sisi hatukuwa na jina," aliniambia. "Tukiitwa, tunakwenda."

Asubuhi moja, mvua ya vuli ikiwa imekatika punde tu, tuliitwa huko huko Ole. Mchumaji alikuwa ameanguka kutoka juu ya mkarafuu. Tulimkuta amelala chali, mkewe akimpepea kwa ncha ya kanga. Alikuwa akisema vizuri, lakini miguu haisogei. Nikamvisha kola ya shingo, tukamfunga kwenye ubao, tukampakia. Mkewe akapanda nyuma pamoja nami.

Hatukufika mbali. Kwenye mteremko udongo ulimeguka chini ya gurudumu, gari likaserereka mtaroni na kuinama, mlango wa nyuma ukabanwa na ukingo wa udongo. Wa ubavuni nao ulikandamizwa upande wa chini. Dereva alijipenyeza kwenye dirisha lake, kisha akanisemesha kupitia kidirisha kilichotutenganisha.

"Mu wazima?"

"Wazima. Tutoe humu."

"Simu haishiki. Nakwenda kutafuta watu."

Nikasikia hatua zake zikipotea topeni.

Mkanda wa kichwani ulikuwa umekatika. Kwa jinsi gari lilivyoinama, kichwa cha yule bwana kingeviringika upande wa chini, nami nilijua maana yake kwa mtu mwenye uti wa mgongo ulioumia. Nikapiga magoti, nikakikamata kwa viganja viwili. Tangu hapo sikuweza kujikuna, kujifuta jasho wala kugeuka.

Joto lilipanda. Vioo vilifunga ukungu, nguo zake zikanuka karafuu mbichi. Mikono ilikufa ganzi. Nilitamani kuupiga mlango mateke na kupiga mayowe. Ilifika dakika nikamchukia, yeye aliyelala kimya na kuniamini, kwa kuwa ni yeye aliyenifunga pale. Sijapata kumwambia mtu jambo hilo.

"Dada," aliniita, "miguu yangu imefunikwa?"

Niliitazama. Ilikuwa wazi, imejaa matope.

"Haijafunikwa."

"Mbona sihisi kitu?"

Kabla sijajibu akauliza tena, "Nitapanda tena mkarafuu?"

"Sijui, kaka."

"Afadhali umesema kweli."

Mkewe alikuwa akinitazama mikono. "Nionyeshe unavyoshika," alisema.

Nilisita. Miaka yote ile niliwafukuza jamaa wa wagonjwa wasiguse kitu, kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa njia yangu ya kuonyesha kwamba mimi nimesomea. Lakini vidole vilikuwa vinaniponyoka. Nikamwelekeza apitishe viganja vyake chini ya vyangu, asivute, asigeuze. Tukakishika sote wawili, vipaji vya nyuso zetu vikikaribia kugusana, naye akawa anasoma dua kwa sauti ya chini.

Saa mbili zilipita hivyo.

"Kuna ntu humo ndani?" sauti ikaita nje, na majembe yakaanza kugonga. Watu walioletwa na dereva walifukua mpaka mlango ukafunguka. Wanaume wanane waliushika ubao, wakataka kuupandisha mabegani.

"Hapana," nikawaambia. "Kiunoni. Mabegani siwezi kukifikia kichwa."

"Wazee wetu walichukua mabegani," mmoja alisema.

"Najua. Baba yangu alikuwa mmoja wao. Leo kiunoni."

Wakanitii. Tulikwenda hatua fupi fupi hadi barabara ya lami, mimi nikitembea kinyumenyume, nimeshika kichwa. Pikapu ikatuchukua.

Hospitalini mlinzi aliwapisha waliobeba ubao, mimi akanizuia. Sare yangu ilikuwa tope tupu. "Jamaa wa mgonjwa wanasubiri pale kwenye benchi."

"Mimi ndiye niliyemleta."

"Naona, dada. Kaa."

Nilikaa, vidole vimejikunja havifunguki, mpaka daktari alipotoka akiuliza nani alikuwa na mgonjwa njiani. Nikasimama nikamweleza kila kitu, tangu mtini. Akanisikiliza hadi mwisho.

Yule bwana alipelekwa Unguja. Alirudi baada ya miezi kadhaa, anatembea kwa magongo. Siku hizi huanika karafuu za wenzake kwenye majamvi, na mkewe akiniona sokoni hunishika mikono miwili.

Mimi niliomba kuhamishiwa wodini. Mkuu wangu alisema hakuna wa kushika nafasi yangu. "Wewe umeshaizoea," alisema, kana kwamba ananisifu. Basi nimebaki. Kila dereva anapoufunga mlango wa nyuma kwa nje, namwomba aufungue mara moja, nione kwamba unafunguka, kisha aufunge tena. Huufungua, akaufunga, tukaondoka.