Sungura Aliyepondewa Ndizi

Baba alipofariki, nilimpelekea mama sungura. Ndugu zangu walipeleka vitu vya maana: blanketi, tangi la maji, redio. Mimi, msomi wa familia mwenye kazi ya ofisi mjini Meru, nilipeleka mnyama ambaye kwetu Githongo hana kazi nyingine ila kugeuka mchuzi. Nilitaka mama apate wa kuongea naye, kwa kuwa sisi watoto wake tulikuwa na shughuli nyingi.

"Hii ni ya kuchinja lini?" aliuliza. Nilipomwambia si ya kuchinja, alinitazama kwa huruma. Lakini haikuchukua muda, sungura akawa anaingia jikoni bila kubisha hodi, jambo ambalo wakaza wana wake hawajathubutu mpaka leo.

Sasa, kwetu mtu unayempenda unampondea chakula. Mtoto anayeanza kula anapondewa ndizi, mgonjwa anapondewa ndizi, na mgeni wa heshima anapondewa ndizi na viazi pamoja, na asipomaliza ni vita. Basi mama akampondea sungura: ndizi za Mitunguu, viazi vya Kibirichia, laini kabisa, kijiko kwake na kijiko kwa mwenzake. Tangu mazishi mama alikuwa akionja tu chakula. Sasa alimaliza sahani. Nilijisifu sana, tena mbele ya watu.

Kisha sungura akakataa kula. Mate yakamlowesha kidevu, akajikunyata kwenye kona. Mama naye akasukuma sahani kando. Kaka yangu alikuja, akamchungulia, akasema, "Mama, bado iko na nyama. Tusingoje ikonde." Siku hiyo kaka aliondoka bila kupewa chai, na kwetu hilo si jambo dogo.

Niliogopa, na si kwa ajili ya sungura. Nikaita daktari wa mifugo, mtu aliyezoea ng'ombe. Alimfungua mdomo taratibu.

"Mama, shida ni meno imekuwa mrefu," alisema. "Meno ya sungura haiwachi kumea. Lazima itafune kitu ngumu ndio iishe kidogo kidogo. Na wewe unaipea chakula ya mtoto."

Akayapunguza kwa kifaa chake kidogo, akaagiza nyasi kavu kila wakati na vijiti vya mforosadi ambavyo havijapigwa dawa. Ndizi akazipiga marufuku. Mimi nikapendekeza matawi ya kahawa, kwa kuwa yamejaa shambani. Daktari akauliza kama nataka kumuua. Kaka, aliyekuwa amerudi kutafuta msamaha, akaahidi kuleta vijiti vya miraa, na mama akamjibu kwamba wa kukesha na miraa katika ukoo huu anatosha yeye.

Jumapili iliyofuata nilimkuta sungura chini ya meza, anaguguna mforosadi kwa kelele, mzima kabisa. Mama alikuwa ameketi na mwiko mkononi, mbele yake sufuria nzima ya ndizi zilizopondwa. Hakuwa amekula.

"Mama, daktari alikataza."

"Nilimsikia," akasema. "Baba yako nilimpondea mpaka siku ya mwisho. Halafu nikapata huyu. Sasa nimpondee nani?"

Meno yangu yako yote, na hakuna hata moja lililowahi kunisumbua. Nikavuta kiti, nikamsogezea sahani anipakulie.