Alitaka Tovuti Ifungwe

Juzi nilikuwa steshenari ya mjukuu wangu pale Ilembo. Ametengeneza tovuti ya bei za mahindi, na programu yenyewe kaiacha wazi, yeyote aichukue na kuirekebisha, hata wale wa makazi ya Mishamo wenye asili ya Burundi. Mnunuzi mmoja wa mazao akaegemea kaunta.

“Niuzie, binti. Ila uifunge, hao wa Mishamo wasiiguse tena.”

Mjukuu aliendelea kubofya. “Hao ndio walioiongezea Kirundi, baba. Chukua bure kama wao. Kufunga, sifungi.”

“Nitakulipa vizuri.”

“Nimesikia, baba. Sifungi.”

Mnunuzi akaondoka akisonya. Mama yangu alimpa kijinga cha moto kila jirani aliyekuja kuomba. Sikuwahi kuona mtu anataka kununua jiko ili majirani wale ugali mbichi, mpaka huyu baba.