Mzee Makame alimnyima radhi binti yake aliyeingia kwenye jumba la TV, kumbe alikuwa akija kumtazama kwangu

Wakuu, habari za jioni.

Mimi humu ni msomaji zaidi kuliko mwandishi. Nyuzi zangu karibu zote ni za kuku na ng'ombe, mnaozifuata mnanijua. Hii ya leo siyo ya mifugo. Imenikaa kifuani muda mrefu, nimeona niitoe. Ninachoandika nimekiona na kukisikia mwenyewe. Nilichobadili ni majina tu, maana wahusika wapo na kisiwa ni kidogo.

Kwa wasionijua: ni mtu wa bara, Mkristo, nimeletwa Mafia na ajira. Kazi yangu ni mifugo, kwa hiyo huku jina langu ni Bwana Mifugo. Hata watoto wa jirani hawajui nilibatizwa nani.

Nimepanga vyumba viwili vya uani hapa Kilindoni, kwa Mzee Makame. Mzee alikuwa na minazi yake, ng'ombe wachache, na alasiri akisomesha watoto madrasa. Mtu mkali. Ukifungulia muziki Ijumaa asubuhi anagonga ukuta kwa bakora. Lakini ukiugua yeye ndiye wa kwanza kukuletea uji.

Mkewe ni Bi Mize, mama wa maneno machache. Wana binti mmoja tu, Zuhura, aliyekuwa akifanya kazi jikoni kwenye hoteli ya watalii kule Utende.

Sasa niseme na aibu yangu. Napenda sana vile vipindi vya vijana wanaofungiwa kwenye jumba moja, kamera kila kona. Mnavijua. Wanakula, wanalala, wanapendana, wananuniana, na kila wiki mmoja anapigiwa kura ya kutoka. Kazini wakiniuliza jioni huwa naangalia nini, nasema taarifa ya habari.

Ukiniuliza kuna nini cha maana mle, sina jibu. Mtu kala mayai ya mwenzake, basi nyumba nzima haisemezani. Lakini unakaa. Ukiishi peke yako ugenini, familia iko mbali, unajikuta unamjua anayekoroma na asiyependa kuosha vyombo, na ukizima TV chumba kinapoa ghafla.

Halafu ni umbea usio na hasara. Unamsema mtu usiku kucha na wala hutakutana naye sokoni.

Basi mimi nilikutana naye.

Msimu huu ulipoanza, washiriki wanaingia mmoja mmoja wakipungia kamera, nikamwona Zuhura. Zuhura huyu huyu wa hapa nyumbani! Kwao alikuwa ameaga anakwenda Dar kwa likizo. Kumbe alikwenda kwenye usaili na akachukuliwa.

Kufika asubuhi Kilindoni nzima inajua. Bodaboda wanaoneshana kwenye simu.

Ijumaa ile nilikuwa dukani mkabala na msikiti. Watu walipotoka kuswali, Mzee Makame akasimama barazani, nikamsikia vizuri kabisa.

"Jamaa, mmesikia, na mimi nimesikia. Zuhura kaingia kukaa nyumba moja na wanaume wasio maharimu wake, bila ya idhini yangu. Basi shuhudieni. Radhi yangu hana."

Wenzangu wa bara mnaweza msielewe uzito wake. Huku radhi ya mzazi si maneno ya hasira ya siku moja. Aliyenyimwa anaonekana hana barka, hata akijenga ghorofa. Na wazee husema radhi iliyoondolewa mbele za watu hurudishwa mbele za watu.

Nyumbani akafunika TV ya sebuleni kwa shuka. Bi Mize akakatazwa kutazama kile kipindi popote, hata kwa majirani. Mama wa watu akatii.

Siku chache baadaye, baada ya Isha, nasikia hodi mlangoni kwangu.

"Karibu mzee, shikamoo."

"Marahaba. Nimekuja kukuuliza habari ya ng'ombe wangu yule mwekundu. Naona kama hana raha."

Ng'ombe nilikuwa nimemwona asubuhi ile, mzima kabisa. Nikaanza kumweleza, naona mzee hanisikilizi, jicho liko kwenye TV. Nikanyanyua rimoti nizime kwa heshima. Akasema, "Wacha tu. Usijisumbue kwa ajili yangu."

Akakaa upande, kama mtu anayepita. Zuhura alikuwa jikoni mle jumbani anapika samaki. Baadaye akaguna, "Tui zito kalitia mapema. Litakatika hilo."

Likakatika kweli. Mzee akatikisa kichwa, akaaga.

Kesho yake akarudi. Ng'ombe bado hana raha.

Wakuu, alikuja hivyo wiki nyingi. Jina la binti yake halitaji, anasema "huyo". "Huyo kala leo?" "Huyo mbona kakonda?" Kijana mmoja mle alikuwa anamkebehi Zuhura kwa lafudhi yake ya pwani. Basi mzee alimchukia kijana yule! Alipopigiwa kura ya kutoka, Mzee Makame, mwalimu wa madrasa, alipiga paja akasema "Alhamdulillahi", halafu akaniangalia kwa haya.

Tulicheka jioni ile. Nakumbuka vizuri kwa sababu hatukucheka sana pamoja.

Mchana nikikutana na Bi Mize uani ananiuliza kwa upole, "Bwana Mifugo, ng'ombe yule anaendeleaje?" Namjibu anapata nafuu. Iliniuma, lakini mzee alishaniambia: "Hili likae humu humu." Nami nilimpa neno langu.

Sasa ikaja jioni moja. Mle jumbani kuna kile chumba ambacho mshiriki anakaa peke yake kwenye kiti, anaulizwa maswali na sauti ya mtu asiyemwona. Zuhura akaulizwa ni kitu gani kinamnyima usingizi. Akasema, "Baba. Sijui kama atanipokea." Akaanza kulia, analia kama mtoto, kwa kwikwi.

Mzee akasimama. Akaenda mpaka mbele ya TV, akainama kidogo.

"Chiriku, nyamaza mama. Basi. Nimekusamehe. Radhi yangu unayo, hapa duniani na kesho akhera."

Akabaki amesimama pale hadi wakaweka tangazo la sabuni. Kisha akanigeukia. "Umesikia?"

"Nimesikia mzee."

"Nitalisema mwenyewe, mbele za watu. Wewe nyamaza."

Ijumaa iliyofuata hakusema. Wala ile ya baada yake. Nilipomgusia akaniambia, "Ngoja atoke mule kwanza." Nilimwelewa. Angesimamaje pale barazani bila kuulizwa ni nini kimembadilisha? Alikuwa na haya na watu wake. Nadhani alijua kabisa kwamba binti anaumia, na bado haya zilimshinda.

Hakupata nafasi. Asubuhi moja wakwezi waliokuwa wanamwangulia nazi walimkuta amekaa chini, ameegemea fungu la makumbi. Walidhani amepumzika. Kufikishwa hospitali, alikuwa ameshatutoka.

Waislamu hawachelewi. Alizikwa alasiri ya siku ile ile. Kaka yake mkubwa, Mzee Haji, alipiga simu kwa watu wa kipindi, wao wakasema watalishughulikia.

Jioni nikarudi kwangu nimechoka, mkono ukafungulia TV kwa mazoea.

Zuhura alikuwa anacheza muziki. Wamempaka rangi usoni, kuna mchezo walikuwa wanacheza, anacheka mpaka anajishika tumbo. Ukutani upande wa pili nasikia wanawake wanamsomea baba yake. Kisiwa kizima kilijua amefiwa isipokuwa yeye.

Nikafungua simu. Habari ilishavuja, na watu wameandika chini ya picha yake: "Leo hatulali, tunasubiri aambiwe tuone atakavyolia." Vicheko vimejaa. Nikajiuliza, kama marehemu asingekuwa mwenye nyumba wangu, je, mimi nisingekaa pale kusubiri? Ningekaa. Ningechemsha na chai kabisa.

Nikazima.

Zuhura alifika kesho yake kwa ile ndege ndogo, kajifunika gubigubi. Kaburi lilikuwa limeshakauka juu. Wanawake walimpokea kwa kilio, lakini wapo waliogeuza nyuso, na yeye aliwaona.

Tangu alipofika hakuuliza habari za ugonjwa wala maziko. Alikuwa na swali moja, anamuuliza kila aliyekaa karibu na baba yake. Nilikuwa namsikia kupitia ukuta wa uani.

"Hakusema kitu? Hakunitaja hata kidogo?"

Wanamjibu kwa huruma kwamba hapana. Wanajibu wanachokijua. Chakula akawa hali. Shangazi yake akasema mtoto huyu atamfuata baba yake.

Wakuu, mimi nilikuwa na jibu lake. Nikilitoa, namwaibisha marehemu mbele ya watu aliowasomesha watoto wao, tena kwa kinywa cha mpangaji asiye Mwislamu. Nikinyamaza, binti anaishi maisha yake yote akijua baba yake amekwenda na radhi mkononi. Nilihangaika sana. Nilitamani hata aje mtu mwingine aliyesikia, lakini hakuwepo.

Siku ya hitima wanaume tulikaa kwenye majamvi nje. Baada ya dua, Mzee Haji akazungumza mambo ya familia, kisha akafika kwa Zuhura. Hakusema kwa ubaya. Alisema wamuombee sana, kwa sababu ndugu yake alifariki bila kutengua neno lake.

Nikasema, "Mzee Haji, samahani. Alilitengua."

Vichwa vyote vikanigeukia.

Nikaeleza. Sijui kuhutubia mimi. Niliposema kwamba mzee alikuwa akija kwangu kutazama kile kipindi, minong'ono ikaanza. Mwalimu mwenzake wa madrasa akainamisha uso. Mzee Haji akaninyooshea kidole.

"Bwana Mifugo, angalia maneno yako. Huyo unayemsema hawezi kukujibu."

"Najua mzee. Ndiyo maana nasema alichosema yeye, sizidishi." Nikayarudia maneno kama nilivyoyasikia. "Chiriku, nyamaza mama. Basi. Nimekusamehe. Radhi yangu unayo, hapa duniani na kesho akhera."

Mzee Haji akashusha mkono.

"Umesema Chiriku?"

"Ndivyo alivyomwita."

Macho yakamlowa. Ndipo akawaambia watu kwamba jina lile ni la utotoni la Zuhura, baba yake alimpa kwa sababu ya kusema sana, na akaacha kulitumia tangu binti alipovunja ungo. Mtu wa kuja asingelijua. Akanyanyua mikono: "Basi jamaa, shuhudieni tena. Radhi imerudi. Al-Fatiha."

Kutoka ndani nikasikia sauti ya Zuhura. Sitaielezea.

Nilidhani yameisha hapo. Jioni Zuhura akanijia mlangoni, macho yamevimba. "Kaka, mama anakuita."

Bi Mize yuko eda, haonekani na mwanamume asiye wa kwake. Nikawekewa kiti nje ya mlango, pazia limeshushwa. Nikatoa pole.

"Kumbe ng'ombe hakuwa mgonjwa," akasema.

"Hakuwa mgonjwa, mama. Nisamehe."

"Wewe huna kosa, ulikuwa mgeni wake. Mimi nilikuwa nalala sijui mwanangu kala au hajala. Yeye anatoka hapo kwako keshamwona, anakuja analala kando yangu, ananisikia nalia. Hasemi kitu."

Nilimsikia Zuhura mle ndani akisema, "Mama, basi."

"Siku ya maziko waliniuliza kama nimemsamehe mume wangu. Nikasema nimemsamehe, yote. Hili nilikuwa silijui." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Neno langu silirudishi. Lakini linaniuma, na nimetaka mtu mmoja alijue."

Wakuu, nimekaa kwenye misiba mingi. Sijawahi kusikia kitu kizito kama kile, na kilisemwa polepole na mama aliyejifungia nyuma ya pazia.

Zuhura hakurudi jumbani, na walimuomba sana. Yupo na mama yake. Mimi kipindi bado nakitazama, siwadanganyi. Ila akilia mtu mle sichekelei tena, najua kuna mahali mzazi wake kajifungia anamtazama kwa kificho.

Nilichojifunza ni kimoja. Kumpenda mtu ukiwa umefunga mlango hakumfikii. Mzee Makame alisamehe kweli, mimi nilikuwepo, lakini wawili waliohitaji kusikia hakuwaambia. Mmoja nilimfikishia mimi kwa kubahatisha. Wa pili, mkewe, alihitaji kulisikia kwa mumewe mwenyewe, na hilo hakuna wa kumfikishia.

Nisemeni mnavyoona. Wapo hapa mtaani wanaosema nimemvua nguo marehemu, na wengine wameacha kunisalimia. Labda wako sahihi. Wajuzi wa dini nao watusaidie: ushahidi wa mtu mmoja kama mimi unatosha?

Ila kama kuna mtu wako mmenuniana na moyoni ulishamsamehe, usianze kuniandikia hapa. Mpigie kwanza yeye.