Sinki la Mbao la Mama

Mpaka leo, mwanangu, sijaisahau ile asubuhi nilipojaza maji ndani ya sinki la mbao, nikatandika gazeti chini yake, nikapiga magoti kungoja nione kama litadondosha. Nilikaa hapo mpaka chai yangu ikapoa. Gazeti lilibaki kavu. Nikacheka peke yangu.

Ilikuwa miaka ya tisini, kwetu karibu na Silibwet, nami nilikuwa msichana wa miaka ishirini na mitatu. Baba alikuwa ameshatuacha, na karakana yake ikabaki mikononi mwangu pamoja na mashine ya kukereza, ile inayozungusha ubao huku wewe unauchonga kwa patasi. Watu walishangaa kuona msichana kwenye mashine. Mimi nilizishangaa mbao. Nilitaka kujua kwa nini ubao mmoja unapasuka na mwenzake haupasuki, na kwa nini mwingine unanukia vizuri patasi ikiugusa.

Mwaka huo Mama alipatwa na kiharusi. Mkono wa kushoto ukalegea, na mgongo ukakataa kuinamia beseni. Kila asubuhi nilimwosha uso mimi, naye akifumba macho. Huyu ni mwanamke aliyechuma chai miaka mingi na kujibebea kikapu chake mwenyewe. Nikaamua kumtengenezea sinki bafuni, ajioshe.

Yale ya dukani Kericho niliyaona. Lakini kusema kweli, kuna swali lilikuwa limeniingia kichwani: mbao inaweza kukaa na maji kila siku isioze?

Jirani yetu Mzee Okoth ndiye aliyenifaa. Alitoka upande wa ziwa, alikounda mashua za wavuvi kabla ya kuja huku kuwa seremala wa kiwanda cha chai. Nilimwendea karibu kila jioni. Gundi gani haiachii? Vanishi nipake mara ngapi? Akanijibu kwa subira. Niliunganisha mbao za elgon tik, mti mgumu usiooza upesi, nikazikereza zikawa bakuli pana, nikasugua kwa msasa mpaka likateleza kama yai. Nikaliinua juu ya miguu minne, nikavuta bomba kutoka kwenye pipa la maji ya mvua na kuweka mfereji wa kufungulia maji. Majirani walikuja kutazama. Mama alilipapasa, akasema, "Chebet, hiki ni kitu kizuri sana."

Tangu siku hiyo, kila nikimwendea asubuhi aliniambia ameshanawa, na uso wake ulikuwa na unyevu. Niliridhika.

Wiki ya tatu Mzee Okoth akaja kuona kazi. Akazunguka sinki, akachungulia chini, akatikisa kichwa kwa kupendezwa. Kisha akachukua sabuni iliyokuwa ukingoni.

"Mbona hii bado ina kona zake zote?"

Niliipokea; ilikuwa nzima kama ilivyotoka dukani. Akatoka nje, alipokuwa Mama akichagua maharagwe kwa mkono mmoja, akamwuliza kwa upole analionaje sinki. Mama akayasogeza maharagwe kando.

"Ni zuri. Sikutaka kumvunja moyo. Lakini mfereji uko kushoto, na huo mkono umelala. Tena ni la kusimama, na magoti yangu yanatetemeka. Najipangusa tu na kitambaa."

Mwanangu, mimi hutumia mkono wa kushoto. Na urefu wa sinki nilikuwa nimeupima kwenye kiuno changu.

Mzee Okoth akanigeukia. "Ulikuja kwangu mara ngapi kuuliza habari za mbao?"

"Mara nyingi, Mzee."

"Na mama yako ulimwuliza mara ngapi?"

Hakupandisha sauti. Afadhali angegomba.

Kesho yake nilimketisha Mama kwenye kiti chake mbele ya sinki, nikashika futi kamba na kumwuliza. Miguu ishuke mpaka wapi? Mfereji ukae wapi? Mkono huu ungependa kuegemea nini? Alianza kwa kusitasita, halafu akaongea kama mtu aliyekuwa akiyawaza yote hayo kwa siku nyingi. Mwisho akagusa ukingo wa mbele. "Hapa pashushwe, nisogee karibu."

Ule mviringo ulikuwa umenichukua siku nyingi. Nilishika msumeno, nikauweka kwenye ukingo, nikauondoa tena.

"Kata," Mama akasema.

Nikakata. Nikalainisha, nikafupisha miguu, nikahamishia mfereji kulia, nikapaka vanishi upya, tukangoja ikauke. Siku ya kwanza nilimsogezea kiti, nikasimama nyuma yake na taulo, tayari kusaidia.

"Chebet," akasema, "ukitoka, funga mlango."

Nilisimama nje ya mlango ule nikisikiliza maji yakimwagika, yakikatika, yakimwagika tena. Alikawia sana. Sikubisha hodi.

Kwa hiyo nakuambia, mwanangu: penda kujua mambo, wala usichoke kuuliza. Ila unapomfanyia mtu kitu, anza kwa kumwuliza yeye, kisha nyamaza umsikilize mpaka amalize. Na akikuonyesha pa kukata, usiionee huruma kazi yako. Mungu akupe mikono yenye ustadi na masikio yenye subira, na wale unaowapenda wasiogope kamwe kukuambia ukweli.