Waling'oa maua yangu meupe Greyville, nikayagawa nikapanda tena

Wakuu, salaam kwenu wa Durban na mlio mbali.

Mimi ni mama wa Kirundi, nashona nguo nyumbani, flat ya chini hapa Greyville. Haya sikusimuliwa. Anayebisha aje nimwoneshe ukuta wenyewe.

Nyuma ya jengo letu kuna kipande cha udongo, kati ya kamba za nguo na ukuta. Jua linafika kwa shida maana flats za jirani ni ndefu. Watu walikuwa wanarusha chupa na nepi kutoka madirishani, na dirisha langu la kushonea linatazama hapo hapo.

Nikamwomba msimamizi wa jengo, Baba Ngidi, nipande maua. Akasema, "Sharp, mama, panda."

Nilichagua meupe makusudi. Kwenye kivuli ua jekundu linamezwa, jeupe linaonekana hata siku ya mawingu.

Kwa mama mmoja muuza miche kule Cato Manor nikapata aina mbili. Moja ni wild iris, majani marefu kama panga, kijani mwaka mzima. Nyingine ni arum, lile ua lililojikunja kama faneli. Arum nikaiweka karibu na bomba linalovuja, maana ikipata maji haikauki majani. Wenye watoto wadogo angalieni, utomvu wake unawasha vibaya mdomoni.

Zote mbili zinaanza kuchanua baridi inapoisha, mwezi wa nane, bustani nyingi bado zimelala.

Mwaka wa kwanza sikupata ua hata moja. Miche ile ilipasuliwa kutoka mashina makubwa, na mmea uliogawanywa hivyo unanuna kwanza.

Jirani yangu wa juu, Mama Chantal, Mkongomani, akachungulia dirishani. "Mama Divine, umepanda majani? Ungeweka lengalenga, mchicha wetu, tungekula. Na hayo meupe ni maua ya matanga. Unamlilia nani?"

"Simlilii mtu. Nayapenda tu."

Baadaye jengo likapata mmiliki mpya. Yeye akataka zege pale, magari yapaki. Baba Ngidi akaja kuniambia, na akaongeza lake: "Mama, ninyi watu wa nje mnahamahama. Panda kwenye ndoo, kitu utakachobeba siku ya kuondoka."

Eish, wakuu. Hilo liliniingia.

Watoto wangu wote wamezaliwa Durban. Lakini miaka yote hiyo sijawahi hata kununua kabati zito, nikiwaza siku ya kuambiwa toka. Kila karatasi ya kuishi hapa niliyonayo ina tarehe ya mwisho. Mmea ule ndio kitu cha kwanza nilichokiweka hapa bila kukipangia safari.

Nikakataa ndoo.

Asubuhi moja ya mwezi wa nane, vitumba vimeshatoka, nikaenda kununua uzi. Narudi, nakuta mimea yote imerundikwa kando ya mapipa ya taka, mizizi juani.

Sikulia. Nilichukua kisu cha jikoni na beseni, nikakaa chini mchana kweupe, watu wanatazama madirishani. Kila shina nililipasua mara mbili, tatu. Majani nikayapunguza nusu yasinyonye maji yote, nikaanza kurudisha udongoni.

Baba Ngidi akaja na sepetu. "Mama, nitaitoa tena."

"Itoe, baba. Ukiitoa nitaigawa tena. Itaongezeka tu."

"Mwenye jengo atanifokea mimi."

"Mwambie aje anifokee mimi. Nakaa hapa."

Akageuka, akaondoka na sepetu lake.

Nikasikia mtu anapiga magoti kando yangu. Mama Chantal. Hakuomba radhi wala nini. Alichukua shina moja, akasema, "Huku iko fasi," yaani nafasi, akaanza kuchimba.

Sitawadanganya kwamba tulishinda yote. Zege lilimwagwa nusu ya kwanza. Nusu iliyo karibu na bomba mafundi waliikataa, wakasema udongo umelowa, litapasuka. Mimea ya upande wa zege tukaihamishia huku, ikabanana.

Mwaka huu imechanua. Upepo wa mwezi wa nane unapiga, vumbi kila mahali, na ukuta mzima mweupe. Chupa hazirushwi tena.

Mwenye jengo bado anasema atarudi kumalizia zege lake. Mimi nimeshagawa mashina mengine, Jumamosi nayapanda.

Nilichojifunza: mgeni akisubiri ahakikishiwe kukaa ndipo apande, atakufa hajapanda kitu. Panda cha kudumu, na panda pale unapolala leo.

Wenye uzoefu wa maua meupe ya kivulini, nielekezeni lipi niongeze. Na wale wa "rudi kwenu", andikeni pia. Nitawajibu nikimaliza kumwagilia.