Mazoezi ya Kwaya

Mara ya kwanza kijana yule kunikalia tumboni, nilifumba macho nikamwomba Mungu asipite mtu anayenifahamu. Nilikuwa nimelala chali juu ya magodoro magumu ya mazoezi, katika ukumbi ulio nyuma ya kanisa letu hapa Musoma: mwanamke niliyekwisha kuvuka hamsini, mjane, muuza vitenge sokoni, mwimbaji wa sauti ya pili. Yeye alikuwa wa umri wa wanangu. Magoti yake yalinibana mbavu huku na huku, na jasho langu mwenyewe lilikuwa linaniingia masikioni.

"Pumua, mama," akaniambia. "Pumua kwanza, ndiyo utoke."

Mchezo wenyewe wanauita jiu-jitsu ya Kibrazili. Hakuna ngumi wala teke. Mnashikana, mnaangushana, kisha mnaendelea hukohuko chini mpaka mmoja ambane mwenzake shingo au mkono. Aliyezidiwa anampiga mwenzake vikofi viwili vidogo, wenyewe wanaita kugonga, na anaachiwa palepale. Jioni za mwanzo nilikuwa nagonga hata kabla sijabanwa. Kocha alicheka, nami nikamnunia mpaka mwisho wa kipindi. Mimi nanuna upesi, sijifichi.

Sikwenda pale kutafuta ujana. Nilikwenda kwa sababu nilianguka bafuni.

Asubuhi hiyo nilikuwa nimechemsha maji ya kuoga, nimeyamimina kwenye ndoo, nikakanyaga sabuni, nikakaa chini puu. Sikuvunjika kitu. Ila kuinuka ndiko kulikonishinda. Goti moja lilikataa kukunjika, mikono ikawa inateleza, na katika nyumba yangu nzima, mtaa wa Kitaji, nilikuwa peke yangu, sina hata kipande cha nguo mwilini. Simu ilikuwa mezani sebuleni. Ningeweza kupiga kelele, majirani zangu ni watu wazuri, wangevunja mlango waje. Nilichoogopa ni hichohicho, kwamba wangevunja mlango na kunikuta vile. Nikanyamaza. Mwishowe nilijiburuta kwa makalio hadi chumbani, nikashika mguu wa kitanda, nikajivuta. Mchana nilikuwa sokoni nakunjua vitenge na kutaniana na wateja.

Sikumwambia mtu. Zaidi ya wote sikumwambia binti yangu, ambaye anafundisha shule Bunda na amepanga chumba hukohuko, Kabasa. Namjua. Angefungasha vitu vyake siku hiyohiyo aje kunilinda, au aniletee msichana wa kunishika mkono kwenda chooni. Niliona haya kuliko nilivyoona maumivu.

Siku chache baadaye natoka mazoezi ya kwaya, yale ya kweli, nikapita kwenye dirisha la ukumbi. Kocha alikuwa anawafundisha watu kuinuka kutoka chini. Mkono mmoja nyuma, mguu mmoja unakanyaga, mwingine unapita chini ya tako kwenda nyuma, na mtu amesimama. Hakushika ukuta wala kiti. Niliganda dirishani mpaka wenzangu wakaniita. Kipindi kilichofuata nilikuwa mlangoni, suruali ya mazoezi nimeivaa ndani ya gauni.

Niliweka masharti. Waniite mama tu. Wakipiga picha za kuweka kwenye grupu lao, mimi nisiwemo. Na binti yangu akipiga simu jioni nilimwambia niko kwaya, uongo uliokaa vizuri maana kiwanja kilikuwa hichohicho kimoja.

"Mbona unahema hivyo?" aliwahi kuniuliza.

"Mwalimu wa kwaya siku hizi anatuchezeshaga sana," nikamjibu.

Yule kijana akawa mwenzangu wa mazoezi kwa sababu wengine walinikwepa. Nadhani waliogopa kumvunja mama wa watu. Yeye hakuogopa, wala hakunicheka. Pale hatuulizani kazi wala ukoo, mtu anajulikana kwa rangi ya mkanda wake, na mimi wangu ulikuwa mweupe pee, wa mtu anayeanza. Alikuwa na masikio yaliyovimba kwa kusuguliwa, na sauti ya chini isiyo na haraka. Siku moja tumekaa ukutani tunapumzika, nikamsimulia habari ya bafuni. Yeye peke yake. Ni rahisi kumwambia mtu usiyejua hata baba yake ni nani.

Kuna jioni nilimpindua. Nilinyanyua kiuno kama tulivyofundishwa, akaenda upande, nikajikuta mimi ndiye niliyemkalia kifuani na kola yake nimeivuta shingoni. Akagonga. Niliruka juu nikapiga kigelegele, nikacheza ukumbi mzima, nikamwita mwanangu, nikamwambia leo umepatikana. Wiki iliyofuata nilimtazama akishikana na vijana wenye nguvu wa pale, hakuna aliyemsogeza hata kidogo. Nikaelewa kwamba siku ile aliniachia. Nikikumbuka kile kigelegele mpaka leo najisikia kuingia chini ya kitanda.

Basi ikaja simu kutoka Butiama. Kwetu mambo ya uchumba binti hamwambii mama yake, anamwambia shangazi, na shangazi huyo ni wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu.

"Wifi, kuna watu wa Mugeta wanataka kuja kujitambulisha," akasema. "Kijana anafanyaga kazi ya umeme hapohapo kwenu Musoma. Ni mtu wa kusali. Mtoto kampenda kwelikweli, sasa usije ukaleta nuna yako."

Sikuomba hata picha. Mama kuomba picha ya mkwe mtarajiwa si tabia njema. Mkwe wa kiume na mama wa mkewe kwetu hawashikani mkono, na wakikutana njiani mmoja anapisha. Kiti alichokalia yeye mimi sikikalii. Sisi wa mjini tumelegeza mengi, hili hatujalilegeza.

Siku yenyewe nilikwenda Butiama kwa wakwe zangu, nimevaa gauni jipya la kitenge, limenibana kama fundi alivyotaka yeye. Wageni walikaa uani na wazee, sisi wanawake tukawa jikoni tunapakua. Nilikuwa na furaha. Shemeji yangu mkubwa, kaka wa marehemu, ambaye ni mzee wa kanisa na mcheshi kupita kiasi, alikuwa anacheka huku anakunywa soda, akapaliwa. Vicheko vikakatika, tukasikia anakohoa kikohozi cha kutisha. Kisha sauti ya chini, isiyo na haraka:

"Pumua, mzee. Pumua kwanza."

Mwiko uliniponyoka ukaingia kwenye mchuzi. Nilisogea dirishani nikachungulia. Alikuwa amepiga goti kando ya shemeji yangu, amevaa suti, anamsugua mgongo. Masikio yalikuwa yaleyale.

Nilitamani ardhi inimeze. Kila kitu kilinirudia kwa pamoja: goti lake tumboni mwangu, kichwa changu kwapani mwake, mimi nimemkalia kifuani napiga kigelegele. Mtu ambaye sikupaswa kumgusa hata ncha ya kidole. Wazee wanasema aibu ya namna hiyo ikifichwa inawafuata watoto watakaozaliwa. Mimi ni Mkristo, nilikuwa najiambia siamini, na huku nawafikiria wajukuu ambao hawajazaliwa. Nikisema, huenda wazee wakavunja uchumba na kumvunja moyo mwanangu. Nikinyamaza, ataniona siku ya harusi, naye si mtu wa kudanganya. Na mimi kunyamaza nilikuwa nimeshanyamaza vya kutosha.

Nilimvuta wifi yangu stoo.

"Yule kijana namjua," nikasema. "Tunafanyaga naye mazoezi. Mieleka ya chini."

Alinitazama kama aliyesikia lugha ngeni. "Amekushika?"

"Amenishika."

"Amekukalia?"

"Amenikalia." Nikasukuma mlango wa stoo ufunge. "Na mimi nilimkalia."

Wifi yangu alikaa juu ya gunia la mahindi, akajifunika uso kwa khanga. Mabega yalikuwa yanamtikisika na sikujua kama analia au anacheka. Kisha akatoka kwenda kumwita shemeji.

Walinihoji chumbani, shemeji na mzee mwingine mmoja. Kijana walimweka nje ya mlango, amegeuza mgongo, ajibu bila kuniona. Sijawahi kuona aibu kama ya saa ile. Niliulizwa alinishika wapi, nikawa nataja viungo vya mwili wangu kimoja kimoja mbele ya kaka wa mume wangu: shingo, mbavu, kiuno. Shemeji alikuwa anatazama dari.

"Shemeji, kwani we ulikuwa unatafutaga nini huko?" akauliza. "Umri huu?"

Nilivuta gauni kufunika magoti. Kilikuwa ndicho kitu nisichoweza kukisema.

"Na nani alikuwa anamwangushaga mwenzake?" akadakia yule mzee mwingine. Shemeji akamkata jicho, lakini naye akawa anasubiri jibu.

"Mama ndiye aliyeniangusha," sauti ikatoka nje ya mlango. "Nikagonga."

Nilitaka kusema ananihurumia, aliniachia, lakini hakunipa nafasi. Yeye akaendelea, taratibu, kama anavyonielekezaga.

"Wazee naomba mnisamehe, sikumjua. Lakini mama hakuja pale kucheza. Alianguka bafuni kwake akashindwa kuinuka, hakuna mtu. Alikuja kujifunza kuinuka. Kama mmoja wetu lazima aache, niache mimi."

Alidhani ananitetea. Ukuta wa chumba kile ni mwembamba, na upande wa pili alikuwa amekaa binti yangu, amepambwa, anasubiri kuitwa.

Wazee hawakulitilia maanani hata kidogo la bafuni. Kwao la bafuni lilikuwa la wanawake. Walibishana kuhusu mbuzi. Yule mzee mwingine alitaka achinjwe mbuzi wa kuondoa aibu, shemeji kama mzee wa kanisa akasema sala inatosha, halafu baada ya kufikiri akasema sala itatosha ila mbuzi naye achinjwe. Kijana asikanyage tena ukumbini. Mimi na yeye tangu leo ni mkwe na mama mkwe, tupishane njia, tusishikane tena mpaka kufa. Uchumba uendelee. Nilijibu ndiyo kwa kila kitu, macho nimeyatupa sakafuni.

Walipotoka nilirudi jikoni. Wanawake waliniona wakatawanyika ghafla, kila mmoja akakumbuka kitu cha kuleta uani. Akaingia binti yangu. Nilijiandaa kusutwa. Nilikuwa nimemtia aibu siku yake kubwa, kwa watu wa Mugeta ambao sasa watalisimulia hili mpaka kwa wajukuu.

"Ulisema kwaya," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Ulikuwa unahema, nikakuuliza, ukasema kwaya."

Poda ilikuwa imemkauka usoni, na mimi niliyemzaa sikuthubutu kumtazama sawasawa. Nilidhani atauliza habari za kijana. Nilidhani atauliza nilimkaliaje.

"Hiyo siku," akasema, "ulikaa pale chini mpaka saa ngapi?"

Siku nzima nilikuwa nimeulizwa nimeshikwa wapi, na nani, na nani alimshinda nani. Hakuna aliyekuwa ameuliza hilo.

"Mpaka maji yakapoa," nikamwambia.

Anajua maji ninayooga ni ya moto kiasi gani. Tangu mdogo alikuwa analia nikimwogesha, anasema mama unanichemsha. Nadhani alikuwa anapiga hesabu ya ndoo ile, inachukua muda gani kupoa, na mimi nimekaa kando yake juu ya sakafu. Aliziba mdomo kwa kiganja. Sikujua aibu inaweza kuuma namna ile. Nilikuwa nimemficha ili asinione dhaifu, na sasa alikuwa ananiona pale bafuni, uchi, nimenyamaza, nachagua kubaki chini kuliko kumwita yeye.

Akafunga mlango wa jikoni. Akajifuta macho kwa mgongo wa mkono, poda ikachorekachoreka.

"Nionyeshe unavyoinuka," akasema.

"Hapa?"

"Hapahapa."

Nikakaa chini, kwenye sakafu ya jiko la wakwe zangu, na gauni langu la sherehe. Nikaweka mkono nyuma. Nikakanyaga kwa mguu mmoja, nikaanza kuupitisha wa pili chini yangu kama nilivyofundishwa. Ukumbini nilikuwa naweza, haki ya Mungu nilikuwa naweza. Lakini gauni lilikuwa limebana, nikakwama katikati, nusu juu nusu chini, uso unanichoma. Binti yangu akaninyooshea mkono. Nikaushika.