Klabu Isiyotaka Kuomba Ruhusa
Juzi, katika duka moja hapa Arusha, Mzungu mwenye shamba kule Nduruma alikuwa akichagua hatamu. Klabu yake na wenzake huwinda mbweha kwa farasi na mbwa. Mwenye duka akamuuliza kwa nini hawajajiunga na chama kikuu cha wawindaji.

"Chama kinataka tuombe ruhusa kwa kila mwenye shamba," alijibu. "Sisi tunapenda uhuru."

Mama mmoja wa Ngaramtoni, aliyekuwa akisubiri chumvi, akashusha kikapu chake.

"Bwana, farasi wenu wamekanyaga maharage yangu yote. Hicho chama kinapokea wakulima?"

Mzungu akavaa kofia, akatoka bila kununua kitu. Mwenye duka akampimia mama chumvi, akamwongezea kiganja kimoja.

Kumbe uhuru wenyewe ni wa kuingia shambani kwa mtu bila kubisha hodi.